Matundu Matatu kwenye Tangi la Maji

Kama nyumbani kwako kuna mtoto wa sekondari, simu yenye bando na tangi la maji lililojaa, sogea karibu tuzungumze, kwa sababu yaliyonifika mimi hapa Maweni, Malindi, kwako yako njiani.

Masomo ya vidio yaliingia kwetu mwaka 2020. Mwezi wa Machi shule zote za Kenya zilifungwa kwa ajili ya korona, na sisi wazazi tukarudishiwa watoto wetu wakiwa wazima, wana njaa na wana maswali. Serikali ilirusha masomo redioni na kwenye televisheni. Wangu wawili wakaongeza Ubongo Kids, zile katuni za Dar es Salaam ambazo tangu mwaka 2014 zinafundisha hesabu kwa Kiswahili na kwa nyimbo. Januari 2021 madarasa yote yalipofunguliwa, madaftari yalirudi shuleni. Simu yangu haikurudi kwangu.

Nikutajie watu wa nyumba hii, ili hasara zikianza ujue nani ni nani. Binti mkubwa tunamwita Profesa. Yuko sekondari, hasemi neno mpaka awe na hakika nalo, na akishakuwa na hakika hakuna wa kumnyamazisha. Mdogo wake ni Bomoa. Jina hilo alipewa na bibi yake siku alipoifungua redio ya marehemu babu kutafuta mahali anapokaa msomaji wa habari, na tangu hapo hajafanya lolote la kutufanya tumbadilishie. Mama yao ni fundi cherehani. Humu ndani yeye ndiye Waziri wa Fedha, Jaji Mkuu na mwenye mkasi. Kuna shemeji yangu, Ciao, anayetembeza watalii, ambaye huzungumza Kitaliano mjini mchana kutwa halafu akaendelea nacho mezani kwangu usiku. Hotispoti ni yake. Na juu ya wote yuko mavyaa wangu, mzaliwa wa Ngomeni, mwenye friza ya barafu za ukwaju na za maembe pale ukumbini. Wajukuu humwita Bibi. Mimi, nikiwa peke yangu, humwita Inspekta.

Vidio zenyewe ni fupi. Mkono unachora, sauti inaeleza, dakika moja au mbili nadharia imekwisha. Mimi nazipenda, nakwambia kweli. Salman Khan, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi Boston, alianza mwaka 2004 kwa kumfundisha binamu yake hesabu kwa simu. Mwaka 2006 akaanza kuweka masomo YouTube, na mabinamu wakamwambia wanampenda zaidi akiwa kwenye vidio, kwa kuwa hapo wanaweza kumsimamisha na kumrudia bila kumwona amechoka. Mtoto wa Maweni anayeona haya kuuliza mara ya tatu darasani, huku anauliza hata mara ya kumi. Hiyo ni neema.

Lakini dakika moja haina nafasi ya uthibitisho. Inakupa neno la mwisho, na sababu yake inakuachia ukaitafute kwenu. Profesa naye hakubali neno lisilo na sababu. Ndiyo maana vidio inasema na nyumba inalipa.

Kwanza alikuja Pythagoras. Nadharia yake unaijua: kwenye pembetatu yenye pembe mraba, mraba wa ule upande mrefu ni sawa na miraba ya pande mbili fupi ikijumlishwa. Mimi nafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nawaona mafundi wakiitumia kila mara. Fundi anafunga kamba, anapima futi tatu huku na nne kule, na akipata tano kutoka kigingi hadi kigingi anajua kona ya msingi imekaa sawa. Muulize kwa nini, atakwambia ndivyo alivyofundishwa. Vidio nayo ilimjibu Profesa hivyo hivyo, kwa rangi nzuri zaidi.

Basi akaamua kumthibitishia bibi yake. Bibi haoni vizuri vitu vidogo, kwa hiyo karatasi ya daftari haikufaa. Na juu ya meza ya cherehani palikuwa na leso mpya, sare ya arusi ya upande wa mke wangu kule Mambrui, ambayo ndugu wote walikuwa wameshainunua na dukani imekwisha. Profesa akaingiza mkasi katikati ya mji wa leso ile, akatoa mistatili miwili ya sentimita 40 kwa 30, akaikata kila mmoja kutoka pembe hadi pembe. Akapata pembetatu nne zinazolingana. Kwa chaki ya mama yake akachora sakafuni mraba wa sentimita 70.

Mke wangu alisimama mlangoni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Profesa."

"Abee, mama."

"Ile leso."

"Mama, subiri kwanza uone."

Nami nilikuwa nyuma yake na mkate wa mofa mkononi, nikasubiri pia, maana katika nyumba hii hukumu haitolewi mpaka maonyesho yaishe. Profesa akaweka pembetatu nne kwenye pembe nne za mraba wa chaki. Katikati pakabaki sakafu tupu yenye umbo la mraba uliolala upande, kila ubavu wake ukiwa ni ule upande mrefu wa pembetatu. Kisha akazisogeza. Mbili zikashikana kuwa mstatili kona hii, mbili kuwa mstatili kona ile, na sakafu tupu sasa ikawa miraba miwili: mmoja wa upande mfupi kabisa, mmoja wa upande wa kati.

Mimi nilikuwa bado nahesabu. Mke wangu, aliyekata vitambaa maisha yake yote, alikuwa ameshafika. "Kitambaa hakikuongezeka," akasema polepole, "na sakafu haikuongezeka. Basi pale palipobaki wazi ni pale pale."

Wallahi, nimesikia maelezo mengi ya nadharia ile na sijasikia yaliyopita hayo. Bibi naye akatikisa kichwa, akasema ameona. Halafu mke wangu akakumbuka leso ni ya nani.

Profesa akajitetea kwa mfano wa wasichana wawili wa New Orleans, Ne'Kiya Jackson na Calcea Johnson, ambao wakiwa bado sekondari walipata uthibitisho mpya wa Pythagoras kwa njia ya trigonometria. Machi 2023 waliueleza mbele ya mkutano wa wanahisabati, na mwaka 2024 kazi yao, ikiwa na thibitisho nyingine zaidi, ikachapishwa katika American Mathematical Monthly. Nadharia ina umri wa zaidi ya miaka 2,000, imeshathibitishwa kwa mamia ya njia, na bado wasichana wa shule wakapata mlango ambao haukuwa umefunguliwa.

"Na hao," akauliza mke wangu, "mama zao waliwapa nini wakate?"

Adhabu ilikuwa kupindia mashuka ya wateja mpaka vidole vimuume. Leso yenyewe mama alizishonea pembetatu mahali zilipotoka, mishono ikionekana wazi, akaivaa hivyo hivyo arusini kwa kuwa nyingine haikupatikana. Alirudi usiku amechoka na kuniambia wanawake wengine wameuliza mtindo ule unauzwa duka gani.

Lakini leso ni kitambaa tu. Tangi ni jambo jingine. Maji yetu yanatoka Baricho, kando ya Mto Sabaki, na tunayagawana na miji mingine hadi Mombasa. Siku yakija unajaza kila chenye mdomo. Tangi letu la lita 1,000 limekaa juu ya jukwaa la matofali linalonifika kiunoni, na siku ninayoisimulia lilikuwa limejaa mpaka juu.

Bomoa alikuwa ameona vidio ya kopo lenye matundu matatu, la juu, la kati na la chini, na maji ya tundu la chini yakiruka mbali kuliko yote. Mchoro huo umo hata kwenye vitabu vya shule, kuonyesha kwamba shinikizo la maji huongezeka kadiri unavyoshuka. Profesa akausoma vizuri, akasema hauamini. Maji ya chini yana kasi kweli, lakini yana muda gani wa kuruka kabla hayajagusa chini?

Mjadala ukachukua chakula chote cha usiku. Shemeji Ciao aliingilia mara aliposikia kanuni yenyewe ni ya Torricelli. Evangelista Torricelli, Mtaliano, alizaliwa mwaka 1608, alikuwa pamoja na Galileo katika miezi ya mwisho ya mzee yule, na mwaka 1644 alichapisha alichokigundua: maji yanayotoka kwenye tundu yana kasi ile ile ambayo tone lingekuwa nayo kama lingedondoshwa kutoka usawa wa juu wa maji hadi usawa wa tundu. Kwa Ciao, anayekula kwa jasho la kuzungumza na Wataliano, kumtilia shaka Torricelli ilikuwa ni kumharibia kazi. Hakuna aliyemweleza kwamba Profesa alikuwa akiutilia shaka mchoro wa kopo, si Torricelli.

Kesho yake nilikuwa dukani nauza saruji, simu ikalia.

"Mkwe wangu," akasema mavyaa, "njoo nyumbani. Hakuna aliyekufa, lakini njoo."

Nilikuta Bomoa ameshapasha msumari moto kwenye jiko la makaa na kulitoboa tangi mahali patatu: robo ya kimo kutoka juu, katikati, na robo kutoka chini. Mifereji mitatu ya maji ya Baricho ilikuwa ikiruka uani. Profesa alikuwa akiandika. Ciao alikuwa akirekodi, tena akitangaza kwa Kitaliano. Mavyaa, na umri wake ule, alikuwa katikati ya maji, leso imefungwa kiunoni, akikinga kwa masufuria, mitungi, birika na karai. Nikakimbilia kuziba.

"Baba, usizibe," Profesa akasema, "hatujapima la kati."

Nikangoja la kati lipimwe. Wewe mwenye watoto unajua kwamba ungengoja pia.

Kipimo kilitoka upande wa Bomoa. Tundu la chini lilirusha maji mbali zaidi, karibu mita mbili, likifuatwa na la kati, na la juu likiwa la mwisho. Bomoa akarukaruka topeni. Profesa akanyamaza na kuzitazama tarakimu zake, uso umemshuka, na hapo ndipo mavyaa akasema kutoka huko majini:

"Lakini mbona huku juu si hivyo?"

Tukamgeukia. Alikuwa ameliinua karai mpaka usawa wa jukwaa la tangi, akilishika kwa mikono miwili. "Nikilishika hapa," akasema, "la juu na la chini yote yanaingia humu humu. La kati linapita juu ya mkono wangu, linakwenda mbali zaidi."

Profesa aliiacha kalamu ikaanguka. Akalichukua karai mwenyewe, akajaribu, akamrudishia bibi yake, akajaribu tena. Ilikuwa kweli. Nami nitakueleza kwa nini, kwa kuwa nilielezwa uani pale huku viatu vyangu vya kazi vikijaa maji. Tundu la chini lina kasi kubwa lakini halina pa kuangukia. La juu lina muda mrefu wa kuanguka lakini kasi yake ni ndogo. La kati lina vyote viwili kwa kiasi. Ukipima pale pale usawa wa kitako cha tangi, la kati ndilo linaloshinda, na la juu na la chini, yakiwa umbali sawa kutoka katikati, yanaanguka mahali pamoja. Ila tangi letu liko juu ya jukwaa. Maji yakipita usawa huo na kuendelea kushuka mpaka ardhini, yote yanapata muda wa ziada, na mwenye kasi kubwa ndiye anayeutumia vizuri zaidi. Kwa hiyo vidio ilikuwa na haki juu ya jukwaa, Profesa alikuwa na haki juu ya sakafu, na aliyeyaona yote mawili ni mwanamke aliyekuwa anajaribu kuokoa maji ya kupikia.

Mke wangu alirudi kutoka sokoni na nyuzi zake. Hakuuliza kitu. Alichukua kipande cha sabuni ya kufulia, akakikata vipande vitatu, akaziba tundu la juu, la kati na la chini, kisha akaosha mikono.

"Hayo mliyoyaona," akamwambia Profesa, "yangeonekana kwenye ndoo?"

"Ndiyo, mama. Ndoo iliyowekwa chini ingetosha."

"Na ndoo ilikuwepo?"

Kimya. "Ilikuwa na ukwaju wa Bibi," akasema Bomoa.

Mpaka fundi alipokuja kuliziba tangi kwa plastiki ya kuyeyusha, tulinunua maji kwa mkokoteni, mtungi wa lita 20 kwa bei ya mwenye mkokoteni. Nilimwuliza Bomoa, baba kwa mwana, kama amejifunza kitu. Akasema ndiyo, msumari wa inchi nne unatoboa vizuri zaidi ukiwa mwekundu kuliko ukiwa mweusi.

Tangu siku ya karai mavyaa hakosi somo hata moja. Siku ya vidio ya roketi sisi wengine tulistaajabu, yeye hakustaajabu. Alikuwa msichana mdogo Ngomeni wakati Wataliano wakirusha roketi kutoka kwenye jukwaa la San Marco, lililosimama baharini pale Ungwana. Aliona ile ya tarehe 12 Desemba 1970 iliyobeba setilaiti ya Marekani, wakaiita Uhuru kwa kuwa Kenya ilikuwa inaadhimisha uhuru siku hiyo. Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza kutumwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei ya anga, na Riccardo Giacconi aliyeiongoza kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Mavyaa hayo ya Nobel hakuyajua. Alichojua ni kwamba moshi ulikwenda chini na roketi ikaenda juu, na vidio ya kanuni ya tatu ya Newton ilipocheza, alimwambia mwalimu wa kwenye skrini, "Naam, endelea," kwa sauti ya mtu aliyekuwepo.

Kwa nini walikuja kurushia hapa kwetu? Profesa alikokotoa usiku ule ule. Kwenye ikweta dunia inazunguka kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa kuelekea mashariki, na Ngomeni, nyuzi tatu tu kusini, haipungukiwi hata kilomita tatu za kasi hiyo. Roketi inayorushwa mashariki inaondoka ikiwa imeshasukumwa, na mbele yake ni bahari tupu. Nilizaliwa kilomita chache kutoka pale, na sikuwahi kuelezwa hivyo mpaka nilipoelezwa na mwanangu, nikimenya muhogo.

La friza nitalipitia haraka, kwa sababu mke wangu hapendi nilitaje. Vidio ilikuwa ya Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, ambaye mwaka 1963 wakitengeneza aiskrimu aliona nafasi za friza zinakwisha, akaingiza maziwa yake yangali moto, na yakaganda kabla ya yale yaliyokuwa baridi. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam swali lile lile. Wenzake wakacheka, Osborne akaenda kujaribu, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Jirani yetu mvuvi, mmoja wa Wapemba waliotambuliwa kuwa raia wa Kenya mwaka 2023, alikuja kushuhudia akiamini kabisa kwamba Erasto ni mtu wa kwao. Sufuria mbili za ukwaju ziliingia frizani, moja ya moto, moja baridi. Ile ya moto iliyeyusha barafu nyembamba chini yake ikakaa bapa kwenye bati, na hiyo ni moja ya sababu ambazo watu wametoa. Kisha stima ikapotea. Watoto wa mtaa mzima walikula barafu za maembe bure jioni ile.

Profesa alisoma baadaye kwamba mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden wa Uingereza walipima upya, hawakuona ushahidi wa kutosha, na wakaonyesha kuwa kipimajoto kikihama sentimita moja tu kinaweza kukupotosha. Akasema swali bado liko wazi. Mavyaa akasema friza imefungwa, na ufunguo anao yeye.

Sasa anataka kutoa vidio yake mwenyewe. Ciao alimwekea simu juu ya kinu, akamweleza kwamba ni dakika moja tu, watu hawana subira. Mavyaa akaanza kwa Bismillahi, akamtaja babake na babu yake na mtumbwi waliovulia, akaja kwenye roketi, akaja kwenye tangi na sabuni ya mwanawe, na alikuwa hajamfikia Torricelli wakati simu ilipoandika kwamba nafasi imejaa.

"Tutaikata," akasema Ciao.

"Ukiikata," Profesa akasema, "utakata ile sehemu ya karai. Na yote iko kwenye karai."

Wakabishana mpaka giza likaingia. Bomoa alikuwa ameshauweka msumari makaani. Mavyaa akasikiliza pande zote, akajifunga leso vizuri, kisha akanigeukia mimi niliyekuwa sijasema neno.

"Mkwe wangu."

"Naam, mama."

"Kesho utachelewa kwenda dukani. Kuna ndoo ya kushikwa."